Sumaku Chini ya Rasta

Alhamisi, 6 Desemba 2018
Harusi ya Valarie ni keshokutwa na mdogo wangu huyo hakai chini. Leo kaleta gauni la binti yangu Akidi hapa saluni kwangu, kisha akaninong'oneza kama naweza kuficha kile kitu cha kichwani mwake, picha zisiharibike. Ningepaswa kumfukuza. Nikasema ndiyo, tena haraka – kumbe nami nilikuwa nasubiri mtu aniruhusu.

Akidi hataki. Anakipenda kile kiduara cha zambarau kinachonata kwa sumaku juu ya sikio na kupeleka sauti kwenye chuma alichopandikizwa ndani ya kichwa. Tangu homa ya uti wa mgongo imzibe masikio, ana hicho tu. Nikamwambia msusi ni mimi, aniachie kazi yangu.

Ijumaa, 7 Desemba
Nimemsuka rasta nene, mpaka mgongoni. Nzuri kupita kiasi! Lakini kiduara hakishiki, nywele zimekuwa godoro. Kila neno Akidi anauliza nini, nini. Hospitali walituonya tusiguse sumaku yake. Inazunguka kama kizibo, ukiizungusha inavuta zaidi.

Nimeizungusha. Nikaizungusha tena. Sasa kimezama ndani ya rasta, hakionekani. Akidi anasema kinauma. Nimemwambia avumilie mpaka harusi iishe.

Jumapili, 9 Desemba
Harusi imefana. Hakuna aliyejua! Niliona fahari, Mungu anisamehe. Leo Akidi amelala upande mmoja, kanisani hakwenda. Rasta sijafumua. Kusema kweli, nataka zifike Krismasi.

Alhamisi, 13 Desemba
Ilianza na harufu. Nikafumua. Chini ya kiduara ngozi imekuwa nyeusi, katikati kidonda kinatoa maji. Nikatupa kitana chini.

Hospitali tulikwenda na mume wangu, Okwir, moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake ya polisi. Sista Séraphine, yule Mkongo anayeshughulikia mashine za masikio, alisema Akidi asivae kiduara kwanza. Jumatatu daktari atapafungua aone ndani. Kama kidonda kimefika kwenye kile chuma cha ndani, kitatolewa, na kingine hakipatikani hivi hivi. Kisha akageuza kiduara na kuuliza nani amekaza sumaku.

Okwir akatutazama. "Nani iligusa hii kitu?"

Akidi hasikii bila mashine, ila midomo ya baba yake anaisoma vizuri. "Mimi," akasema.

Nilimpokea sista kile kiduara. Nikakitia mkobani.

Ijumaa, 14 Desemba
Okwir alizunguka ofisi kwa ofisi mpaka wafadhili wa kulipia chuma hicho wakapatikana. Leo amesema kikitolewa, yeye harudi kuomba. Mtoto anayeharibu makusudi apewe kingine cha nini? Mimi nilikuwa nakoroga uji. Niliendelea kukoroga.

Baadaye nikamuuliza Akidi kwa nini alisema vile. Alijibu kama anayenifundisha jambo rahisi: "Baba akikasirikia mimi, inaisha. Akikasirikia wewe, anaenda kulala barakisi, kule kambi ya polisi."

Najuta.

Jumatatu, 17 Desemba
Ni leo. Kichwa lazima kinyolewe chote, nikaomba kunyoa mwenyewe. Akidi kakaa kwenye kiti cha wateja, miguu inaning'inia. Okwir yuko nje kwenye benchi, anatusubiri twende.

Nikawasha mashine ya kunyolea. Nikiwa nyuma yake, kwa kuwa hasikii, nikasema yote. Kwamba nilikaza mimi. Kwamba nilimwonea haya, mtoto wangu mwenyewe, kwa ajili ya picha. Kwamba nilimwacha abebe lawama yangu. Nisamehe, mama yangu, nikasema.

Nikasahau kioo! Mimi, niliyezungumza na wateja kwa kioo miaka yote. Akidi alikuwa ameifuata midomo yangu tangu neno la kwanza.

"Mama," akasema, kwa sauti ile kubwa ya mtu asiyejisikia, "ambia Baba hivyo."

Mlango uko wazi. Okwir amenyamaza ghafla katikati ya maongezi yake na kijana wa bodaboda. Kisha: "Mama Akidi! Uniambie nini?"

Nimezima mashine. Kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Nimekuja kaunta na naandika haya, mwoga mimi, kana kwamba kuna mteja wa kuandikisha. Naitikia, nakuja, nakuja. Sasa nasikia benchi linalia, anainuka.

Kwenye kioo Akidi hajaondoa macho kwenye midomo yangu.