Ufunguo Kwenye Futi

Shoga, pokea simu basi!

Nimemfungia mtoto stoo. MIMI. Mwanangu mwenyewe.

Nilikuwa nashona gauni la mteja, mara nikasikia sauti ndogo inahesabu: themanini na tatu, themanini na nne... Nikadhani ni kichwa changu tu, si unajua huwa kinanichezea.

Nikasimamisha cherehani. Sauti ikaendelea.

Mlango wa stoo umefungwa. Nikauliza, "Nani kakufungia humo?"

"Wewe, mama. Nilimwaga maji kwenye kitambaa. Ukasema nihesabu mpaka mia, nikikosea nianze upya."

Nianze upya! Maneno yaleyale ya shangazi aliyenilea. Hakuna niliyewahi kumsimulia zaidi yako. Na sikumbuki kuyasema. Haki ya Mungu sikumbuki.

Nimetafuta ufunguo nyumba nzima. Kumbe nimeufunga kwenye futi ya kupimia, unaning'inia shingoni. Shangazi naye, kila aliponifungia, ufunguo wake aliufunga kwenye futi hivihivi.

Nimemfungulia. Hakulia hata kidogo. Kaniuliza tu, "Mama, niendelee au nianze upya?"

Njoo umchukue sasa hivi. Nikikuandikia baadaye kwamba usije, usinisikilize.