Usimupige Zaina lavema

Kasongo, siku ya soko

Mama yangu mupenzi,

Unisamehe. Huu ni mwezi wa tatu sijakuandikia, na naona haya hata kukusalimia. Habari ya kifua chako? Kikohozi kimekuachia? Mimi niko muzima, ni usingizi tu unanishinda: asubuhi masomo, kisha staji hospitalini mpaka jua linazama.

Jana motari wa Wamaza ameniletea unga wako na pikipiki yake. Alipokuwa anafungua kamba akasema tu hivi: "Mutoto wako Zaina anahara tangu juzi, lakini bibi yake anamushughulikia." Mama, najua namna unavyoshughulikia. Nimepiga simu mara nyingi, rezo ya kwenu haishike.

Mwaka huu tuko na somo juu ya dawa za nyumbani: majani, kukanda, na lavema, dawa ya maji ya kuingiza kwa nyuma na kapira. Mwalimu aliuliza nani ametoka kwa mutu wa dawa. Watu wanatoka mpaka Lusangi kukutafuta wewe, na mimi binti yako nikaficha mukono.

Juma lililopita bibi mumoja alileta mujukuu wake hospitalini, anahara, macho yameingia ndani. Nikamuuliza kwa ukali: "Umemupa dawa ya kienyeji?"

"Haki ya Mungu, hapana!"

Nikaandika hapana. Mwalimu akaja, akakaa karibu naye, akamusalimia vizuri. "Mama, mimi pia nimekuzwa na lavema. Wewe unachanganya na nini?"

Bibi akacheka. "Ee, wewe unauliza kama mutu. Kale kasichana kako ka bluzi nyeupe kameniuliza kama polisi!" Akahesabu kwa vidole: mizizi, mara tatu tangu jana yake. Wakamuwekea mutoto serumu kwa mushipa mbio. Angali amelala pale. Kila nikipita naogopa kuangalia kitanda chake.

Mama, sisemi dawa zako zote ni mbaya. Kumukanda na mafuta ya mawese, endelea. Kumuimbia, endelea. Lakini mutoto anayehara, lavema inamutoa hata maji kidogo anayobakia nayo. Hapo nakukataza, kwa heshima yote, lakini nakukataza. Mimi nilimuachisha Zaina ziwa ili nirudi masomoni, na lawama ya hiyo peke yake inanitosha.

Ukisha kusomewa barua hii, umubebe mpaka kituo cha afya, na njiani umunyweshe maji kidogo kidogo na kijiko. Kama umeshamupiga lavema, umuambie muganga mara ngapi, na kwa dawa gani. Umuambie hata kama anakuuliza vibaya, kama mimi nilivyouliza.

Salima mudogo wangu, umusomee mama polepole, usiruke kitu. Munisalimie mujomba wa duka na shangazi wa Nyangwe kama angali kwenu. Baba Zaina akirudi toka machimboni, musimutie hofu, nitamuambia mwenyewe.

Binti yako anayekupenda,
Mwavita

Motari anayewaletea barua hii atarudi huku kesho kutwa. Munitumie na yeye:
kipande cha kila muzizi uliotumia, kila kimoja na karatasi yake, na jina lake kwa Kibangubangu, nimuonyeshe mwalimu;
kale kapira kekundu ka kupigia lavema, kenyewe, kasibakie nyumbani;
na Salima aandike saa ambayo Zaina amekojoa mara ya mwisho.