Maelezo ya Pili Kuhusu Kijana wa Daftari

JESHI LA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI (YA PILI)
Kituo Kidogo cha Kwemvumo, Wilaya ya Handeni
Ijumaa, tarehe 24 Oktoba 1975, saa 3.15 asubuhi

Jina: Muhidini Athuman Mgaza
Umri: miaka 52 kwa kukadiria
Dini: Mwislamu
Kazi: mkulima, tena balozi wa nyumba kumi
Makazi: Kijiji cha Ujamaa Kwemvumo, nyumba namba 30

Nimeonywa kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa. Nimeelewa. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Jumapili iliyopita nilitoa maelezo hapahapa mbele ya Koplo Matayo juu ya kijana aitwaye Kaleb Shemhilu, ambaye mpaka sasa yuko mahabusu. Nimesikia kesho anapelekwa Tanga kwa tuhuma ya ujasusi, na maneno yangu ndiyo yanayompeleka. Katika maneno yale kuna jambo nililosema uongo na jambo nililolificha. Nataka kuyatoa yote mawili kabla gari halijaondoka.

Kijana huyo nilimwona mara ya kwanza Jumamosi tarehe 11 Oktoba, yapata saa tisa alasiri. Nilikuwa uani nachonga mpini wa jembe. Alikuwa amevaa suruali ya bugaluu na viatu vya raba, begani ana mfuko wa kitambaa. Alinisalimia vizuri, sina la kumlaumu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Unatoka wapi?”

“Korogwe, mzee. Nimemaliza Chuo Kikuu mwaka jana, sasa niko kazini pale. Kwetu hasa ni Usambara, huko juu.”

“Umetumwa na nani?”

“Sijatumwa. Jumamosi nisipoingia kazini napanda basi kwenda kuona kitu. Nimeshaona maporomoko, nimeshaona mapango, wiki iliyopita nilikuwa Mashewa kusikiliza kwaya. Leo nimekuja kuona jiwe lenu.”

Nilimtazama sana. Lile jiwe kubwa, lililo upande wa kwetu kwa zamani, nimezaliwa nikalikuta. Nimechungia mbuzi juu yake, nimeanika mihogo juu yake, lakini sijawahi kufunga safari kwenda kulitazama. Mtu kasomeshwa na serikali mpaka Chuo Kikuu, anaacha kitanda chake Korogwe, anashuka Mkata, anatembea juani masaa mawili, eti atazame jiwe. Nikasema moyoni, huyu ana lake jambo.

Akauliza jina la kila kilima, nani anapiga ngoma, nani anajua nyimbo za zamani. Kila nilichojibu kiliingia kwenye daftari. Hata jina la mbwa wangu aliliandika. Koplo anajua hali yetu hapa. Sisi tulihamishwa Agosti ya mwaka jana, malori yalikuja asubuhi na jioni tukawa tumeshushwa hapa. Tangu siku hiyo mtu akija na daftari tunajua amekuja kuhesabu, kama si nyumba basi vyoo, kama si vyoo basi ekari za mihogo. Sijaona aliyekuja kuhesabu mawe.

Mnamo tarehe 18, Jumamosi, alirudi. Saa nane mchana nilimpita karibu na daraja la barabara ya Mkata, amekaa chini anachora. Baadaye akaja kwangu akanipa karatasi, amenichora mimi na ule mpini. Nilifanana mno, na sikupenda. Akauliza ngoma ni lini. Nikamwambia ngoma yetu ya selo itachezwa kesho yake saa nne, uwanja wa shule, kuchagua kikundi cha kwenda Handeni sikukuu ya Uhuru. Akashukuru, akasema wakati anasubiri ataenda kuona pango lililo nyuma ya kilima. Saa kumi na moja ikanyesha mvua kubwa. Hakurudi kijijini. Niliuliza nyumba zangu zote kumi, hakuna aliyemlaza.

Jumapili tarehe 19, saa nne na nusu, selo imeshapamba moto, akatokea upande wa porini, suruali ina matope mpaka magotini. Alikaa karibu na wapiga ngoma, anacheka, anaandika. Wachezaji walipopumzika akanijia, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

“Mzee, kuna mtu hapa anaujua ule wimbo wa Muhidini na jogoo?”

Mgambo Kibwana aliyekuwa karibu yangu akacheka. Mimi sikucheka. Inabidi nieleze wimbo wenyewe, ingawa ni aibu kwa mtu wa umri wangu. Nilipokuwa mtoto nilikimbizwa na jogoo wa jirani mpaka nikaangukia jaani. Mama yangu akatunga wimbo juu ya jambo hilo, akawa anauimba akitwanga. Baba hayupo, dada zangu wote wawili hawapo. Anayeujua wimbo huo sasa ni mama yangu peke yake.

Na hapa ndipo lilipo jambo nililolificha. Mama yangu, Bibi Hamisa, ameandikwa nyumba namba 31, jirani yangu. Nilimwandikisha mimi. Hajalala humo hata siku moja. Malori yalipokuja alijificha kwenye mahindi, na yalipoondoka akarudi nyumbani kwake kule Kwamzindu, nyuma ya kilima chenye pango, ambako sasa ni mahame, hakuna mtu ila yeye. Alisema hawezi kuacha kaburi la mume wake liote mtama wa ndege. Nilimbembeleza nikachoka.

Kwetu mwanamke hahesabiwi amehama mpaka mafiga yake yahame. Unaweza kubeba kitanda, mtungi na kuku, lakini mafiga yakibaki, basi na mwenyewe amebaki. Nilijua wanaokuja kukagua ni watu wa hukuhuku na wataangalia jiko. Basi nikayabeba mafiga yake matatu kichwani, nikayapanga ndani ya namba 31, na mke wangu Mwaija akawa anawasha moto pale kila jioni ili majivu yasikose. Wakaguzi wamekuja mara tatu. Waliona mafiga meusi, wakaona majivu, wakaandika yupo. Mama huko mahame anapikia mawe mengine aliyookota mtoni.

Kwa hiyo kijana aliponiuliza wimbo ule, nilitazama matope ya suruali yake. Nikajua amefika kwa mama. Nikadhani ametumwa na wakubwa kuwatafuta waliobaki porini, mambo ya mawe na ngoma ni chambo tu, na sasa ananijulisha mbele za watu kwamba amenishika. Alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile nililitafsiri kwa ubaya wote niliokuwa nao.

Nikamnyang'anya mfuko, nikafungua daftari. Ukurasa wa kwanza kukutana nao ulikuwa na lile daraja, limechorwa na nguzo zake zote. Kusema kweli nilifurahi, nimepata cha kumziba mdomo kabla hajamtaja mama. Nikapiga kelele, “Jasusi! Anapima madaraja yetu!” Watu wakasimama. Tumeambiwa mara ngapi kwenye mikutano tuwe macho na vibaraka wa makaburu? Kibwana alimfunga mikono kwa mkanda wake mwenyewe. Kijana alisema mara moja tu, “Mzee, sivyo unavyodhani.”

Njiani kuja kituoni daftari nililishika mimi. Nikatafuta, nikakuta ukurasa wenye picha ya mama yangu amekaa kwenye mafiga yake mapya, na chini yake maneno ya wimbo. Nikauchana, nikauficha kiunoni. Karatasi hiyo ninayo, naikabidhi sasa kwa Koplo.

Nilipofika hapa nikasema kwamba Jumamosi nilimwona akipima daraja kwa hatua, na lori lilipopita akajificha kwenye nyasi. Huo ndio uongo. Alikuwa amekaa chini anachora, na dereva wa lori alipopita alimpungia mkono. Hatua na nyasi niliziongeza mimi.

Koplo atakumbuka alivyomwuliza kijana, Jumamosi ulilala wapi? Akajibu, porini. Porini wapi? Akanyamaza. Koplo aliona kunyamaza kule ni ushahidi. Mimi nilikuwa nimesimama palepale mlangoni, ninajua alilala wapi, na nikanyamaza pia. Hata hivyo sikumwonea huruma. Nilidhani siri anawawekea wakubwa waliomtuma.

Jumanne tarehe 21, saa kumi na mbili asubuhi, nilimpelekea mama unga wa mahindi ya njano, kama ninavyofanya kila Jumanne. Nilimkuta anafagia. Hata mzigo sijatua akaniuliza, “Mwenzio yuko wapi?”

“Nani?”

“Yule mtoto wa Kishambaa. Hajapita kwako?”

Akanieleza. Jumamosi ile ya mvua alisikia mtu nje, akakaa nyuma ya mlango na panga, akidhani lori limekuja. Mtu akasema, “Hodi bibi, shikamoo, naomba kujikinga mvua.” Akamfungulia. Wakala mihogo ya kuchemsha. Kijana akamwomba amwimbie nyimbo anazozijua. Mama aliniambia hajaombwa kuimba na mtu yeyote tangu baba afe, basi aliimba mpaka sauti ikakauka. Asubuhi akamwapisha asimwambie kiumbe yeyote kwamba huku kuna mtu anaishi.

“Nikamwambia, mwanangu ndiye balozi huko. Usiseme umeniona. Muulize tu wimbo wa jogoo, atajua mimi mzima, mvua haijaniangushia nyumba. Wengine hawataelewa kitu.”

Nilikaa chini. Nikamwambia mama kwamba kijana yuko mahabusu na mimi ndiye niliyemkamata. Aliegemeza ufagio ukutani.

“Umemfunga kwa kukuletea salamu zangu?”

Akasema tena, “Simjui baba yake wala mama yake, na amefunga mdomo kwa ajili yangu siku tatu. Wewe niliyekuzaa umeshindwa hata kuuliza.”

“Mama, nikisema, watakuja na lori.”

“Waje.”

Niliporudi nyumbani niliitoa ile karatasi nikaisoma vizuri. Ina picha, ina wimbo, ina tarehe. Haina jina la mama wala jina la Kwamzindu. Mtu aliyeandika mpaka jina la mbwa hakuandika jina la mahali alipolala. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nimeshaona nyingi.

Hata hivyo Jumanne hiyo sikuja hapa. Jumatano sikuja. Alhamisi nilifika mpaka kwenye mwembe wa dukani nikarudi. Sina sababu yoyote ya kutoa ila woga. Ubalozi nimeupata kwa kuaminiwa, na niliyemwandika kwa uongo ni mmoja tu, lakini ni mama yangu, na hakuna atakayeniamini tena. Jana jioni mke wangu alikataa kuwasha moto namba 31. Alisema, “Kule kuna mtoto wa mwenzangu analala sakafuni. Mimi sitapika tena majivu ya kukaguliwa.” Ndipo Kibwana akapita kunipongeza, akisema Jumamosi jasusi wangu anakwenda Tanga. Aliniita shujaa, nikashindwa kula.

Kijana Kaleb Shemhilu si jasusi. Mpaka sasa sielewi mtu anapata raha gani kutazama jiwe, na bado naona ni kazi ya mtu asiye na shamba. Lakini ndiyo kazi anayoifanya, na hakuna nyingine. Alikuja kuona jiwe, akaona pango, akasikiliza nyimbo, akaleta salamu.

Ubalozi chukueni leo. Kama kuna kesi ya uongo niliosema, ni yangu. Ombi langu ni moja, mama yangu asifuatwe na lori. Ana miaka zaidi ya sabini na mara ya kwanza lilimkimbiza mahindini. Niachieni nikamlete mwenyewe, kwa mwendo wake.

Nimesomewa yote haya kwa sauti, neno kwa neno. Ni yangu, hakuna aliyenilazimisha, na sina la kupunguza. Naweka sahihi niliyojifunza darasa la watu wazima.

(sahihi) Muhidini A. Mgaza

MAELEZO YA MWANDISHI: Nimeyaandika mimi, Koplo Matayo, yakaisha saa 4.50 asubuhi. Nimepokea karatasi moja iliyochanwa, kingo zake zinalingana na daftari tulilolishika.

Saa 5.00 nilimtoa mtuhumiwa nikamkalisha mbele ya shahidi. Nilimwuliza tena alilala wapi Jumamosi. Alijibu, porini. Nilimwonyesha karatasi, akasema hamjui bibi huyo. Shahidi akamwambia, “Sema tu mwanangu, mimi nimeshasema kila kitu.” Mtuhumiwa akamjibu, “Mzee, nilimwahidi yeye, sikukuahidi wewe.” Shahidi alilia, nikampa nafasi.

Safari ya Tanga nimeisimamisha. Kwa kuwa anayeweza kuthibitisha ni bibi peke yake, shahidi ameondoka saa 5.40 kwenda kumleta kwa miguu, kama alivyoomba. Nimemwagiza aje naye pamoja na vyombo vyake vyote, hata mafiga anayopikia sasa.

(sahihi) Matayo, Koplo