Mfuniko wa Shimo la Gesi

Kwako mwanangu, kifungua mimba wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo na yule mjukuu wangu mtundu. Je, jino lake la mbele limeshaota? Sisi huku hatujambo, ng'ombe wote wawili wazima. Kifua changu ndicho kimerudia kukohoa, lakini usianze kulia kabla hujafika mwisho wa barua. Nisamehe mwandiko. Shule unajua niliishia wapi.

Kikohozi kimerudi kwa sababu nimerudi kwenye kuni. Mtambo wa gesi tuliojengewa umekufa. Miezi mitatu ulifanya kazi vizuri ajabu. Asubuhi namimina kinyesi cha ng'ombe na maji, nakoroga, naingia jikoni nawasha, moto wa bluu, sufuria haina hata sizi. Nikasahau kabisa kile kilima tulichokimaliza miti kwa kukata kuni hadi mvua ikawa inatuletea udongo mlangoni. Kisha siku moja moto ukawa mdogo kama wa kibiriti. Kesho yake haukuwaka.

Fundi amekuja mara nne. Ni yule mrefu, tunayemwita Twiga, aliyekuwa akila kwangu huku amesimama. Alipaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba, hakuona panapovuja. Majirani walioandikisha majina wajengewe na wao wakaanza kujitoa mmoja mmoja. Mshonaji wa nyumba ya pili ndiye alitangulia, akasema bora moshi wake anaouona kuliko gesi ya kusimuliwa. Mkuu wa Twiga naye akamwambia amejenga ovyo, na mtambo usipowaka leo Ijumaa atafute kazi kwingine.

Jana alikuja uso umemsinyaa. Alisema hana njia ila kufungua mfuniko na kushuka mwenyewe, aangalie kama kuna ufa. Nikamuuliza hewa ya mule ikoje. Akanijibu kwamba ni mbaya, na kwa taratibu zao mtu hashuki bila mashine ya kupuliza hewa safi, ila mashine anayo mkuu na hataki kuitoa. Akaniachia kamba ndefu, eti leo niishike mimi.

"Mama," akaniambia, "ukiona nimekuwa kimya usinifuate. Wewe vuta tu."

Unamkumbuka baba yako mdogo aliposhuka kisimani kuopoa ndoo. Tulivuta kamba tukiwa watu sita, na tulipomtoa alikuwa keshapoa. Kamba ile mpaka leo naisikia viganjani.

Sasa nisikilize, mwanangu, usinikatize. Siku walipomaliza kujenga, Twiga alitueleza kwamba mule ndani kuna wadudu wadogo wasioonekana, ndio wanaokula kinyesi na kutoa gesi. Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini hao wadudu walinikaa kichwani. Halafu mshonaji akaja kunywa chai, akaniuliza mbele ya watu chai ile imepikwa na ng'ombe yupi, mweusi au yule wa pembe moja. Watu wakavunjika mbavu. Nami unanijua kwa usafi. Nikanunua dawa ya chooni, ile kali inayowasha macho, nikawa naimimina mtamboni asubuhi pamoja na kinyesi, mpaka chupa ya nne. Nilidhani nausafisha moto. Kumbe nilikuwa nawaua wapishi wangu.

Na si hilo tu. Twiga aliponijia mara ya pili aliniuliza kama nimemimina kitu chochote, hata maji ya sabuni. Nilimtazama usoni nikasema hapana. Niliona haya, mama mzima. Ufa anaokwenda kuutafuta haupo.

Nimekuandikia wewe kwanza ili mdomo wangu uzoee kusema kweli. Nimekalia kigoda juu ya mfuniko wenyewe wa lile shimo, kamba nimeikalia, na chupa nne tupu nimezipanga miguuni, maana najijua, nikikosa ushahidi nitaanza kupunguza. Naogopa macho yake. Naogopa kicheko cha mshonaji. Lakini kamba kama ile sitaishika mara ya pili.

Kama utaniona mjinga, nione. Mama yako sasa kazeeka, lakini nitaandamana na Twiga hadi kwa mkuu wake nikayaseme haya haya, hata mbele ya mshonaji.

Nisalimie mumeo, mbusu mjukuu wangu mashavu yote mawili. Naisikia pikipiki inazimwa getini. Siinuki hapa mpaka nimemwambia.

Ni mimi mama yako,
niliyekaa juu ya mfuniko.