Kamusi ya Osvaldo Imegoma

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimepewa mimi! Mimi, Nilza wa Magomeni ya huku kusini, niliyejifunza Linux kwa kuharibu laptopu ya mjomba! Laibrari ya sauti, ule msimbo ambao programu nyingi huutegemea kutoa sauti, imetoka toleo jipya na mratibu ni mimi. Programu zote zinazoitumia lazima zijengwe upya, halafu ziingie kwenye mfumo kwa pamoja. Kwenye grupu la tunaojitolea nimewaeleza: ni kama sinia la ubwabwa — hamegi mtu mpaka wote wamenawa. Wamecheka.

Nikaanza kuzipitia. Karibu na mwisho: kamusi ya Kimakonde, ile inayotamka maneno. Mtunzaji: Osvaldo.

Osvaldo yuleyule! Nikafunga laptopu.

Jumatano, 8 Oktoba

Zinapita! Karibu zote zimejengwa bila shida. Ya Osvaldo imegoma — inaita kitu cha zamani ambacho laibrari mpya haina. Nimeona kosa palepale. Mistari mitatu tu. Nimerekebisha kwangu, ikajengwa, ikaongea.

Sauti yangu! Osvaldo alinirekodi mwaka juzi shambani kwa bibi, Nanyamba, msimu wa korosho. Nasema maneno, bibi kwa nyuma anafukuza mbuzi. Kwenye neno la "maji" Osvaldo anasikika anacheka. Baadaye akapata kazi Maputo. Baadaye kimya.

Marekebisho sijayatuma. Paketi, yaani programu ya mtu, haiguswi mpaka mwenyewe aseme, ndiyo utaratibu. Na — basi niseme — nimepata sababu ya kumwandikia! "Ndugu mtunzaji, paketi yako..." Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Mwishoni nikachomekea: huku korosho zimeanza kudondoka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hajajibu.

Anold wa bandarini, tunayejitolea naye kwenye kazi hii, kapiga simu. Dada Nilza, watu wamenawa mpaka mikono imekauka, tunamsubiri shemeji?

Nikamwambia asimwite hivyo.

Kwani mmeachana?

Sijui, Anold! Mtu anaachwaje bila kuambiwa?

Akasema taratibu: basi tumpe mpaka Jumanne, akikaa kimya tuiondoe kamusi yake.

Dada Felismina alikuwa anabangua korosho pale mlangoni, kasikia yote. Ati mdogo wangu, siku hizi mnatongozana kwa ripoti ya makosa? Nilicheka sana. Halafu nikaenda kulia bafuni, maji nimeyafungulia.

Jumanne, 14 Oktoba

AMEJIBU! Nimeruka, chai yote chini!

Kajibu hadharani, kwenye ukurasa wa ripoti ya kosa, kila mtu anasoma:

"Ndugu mratibu, sina tena nafasi ya kazi hii. Iondoeni tu. Asante."

Ndugu mratibu.

Mimi. Aliyekuwa ananiita Nili.

Hata bibi hajamuulizia. Hata korosho.

Anold kaandika pembeni: pole sana dada. Ondoa sasa, twende.

Siondoi. Bibi yumo mle. Na mbuzi wake. Na mimi, nilivyokuwa na furaha. Marekebisho yapo tayari, nikituma tu zote zinaingia leo. Ila pale kwenye mtunzaji panatakiwa jina la mtu anayejibu. Yaani mimi.

Nimeweka kishale mwisho wa jina lake. Nafuta herufi moja, napumzika. Moja, napumzika. Imebaki O.

Anold anauliza: vipi?

Felismina anaita kutoka uani: Nilza! Tumeshanawa wote, tunakusubiri wewe!

Nakuja, dada.

Kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta. O bado ipo.