Rota ya Pijo ya marehemu

Karan, umekosa arobaini ya Abdulmajidi hapa Utemini. Bado nina hasira.

Kitwana, shemeji wa marehemu, amesimama mbele ya watu, akasema ile Pijo 404 waliifufua wao wawili. Wao wawili. Kitwana huyuhuyu aliyekuwa akiiita banda la kuku. Mimi nimelala chini ya gari ile na marehemu miaka kumi na moja tukiitengeneza, jina langu hakulitaja.

Halafu akaingia aiwashe, watu wasikie. Haikuwaka. Wajomba wakaisukuma na kanzu zao mpaka msikitini. Kimya.

Akaniita, "We Luqmani, njoo utazame."
Nikamwambia, "Si wewe uliyeifufua?"

Unakumbuka Abdulmajidi alivyokuwa akichomoa rota, kile kidude cha kugawa moto kwenye plagi, kila akipaki, ili mwizi asiweze kuiwasha? Wiki ile ya mwisho alinitia rota mkononi. "Ikae kwako," akasema.

Kitwana ameshinda juani anafungua boneti na kufunga. Mimi nimekula pilau taratibu, rota iko mfukoni.

Ataipata siku atakayosimama mbele ya watu walewale na kusema nani alikuwa chini ya gari.