Ndoo ya Atieno

Mbita, Jumanne jioni

Mashine ya kuziba mishono haijanisumbua leo hata kidogo. Hewa moto imetoka vizuri, utepe umeshika koti lote la mvua. Kinachonikera ni kulijaribu.

Mimi na mwenzangu wa kazi, Atieno, tulikuwa tunajaribu hivi: mmoja anavaa, mwingine anammwagia ndoo nzima mgongoni. Atieno alikuwa akimwaga huku akiuliza, "Nyamera, umelowa?" Tangu aolewe na kuhamia kule Rodi Kopany, nimebaki peke yangu na hii mashine.

Leo nimevaa, nikajimwagia mwenyewe. Maji yakaingilia shingoni, kwa hivyo sijui kama mshono wa mgongo unavuja. Na mvuvi wa Sindo anakuja kulichukua kesho, aingie nalo ziwani.

"Nimelowa kidogo tu," nikasema kwa sauti. Halafu nikasimama pale, nikingoja Atieno acheke.